Kusema "si haba" kwa Kiingereza: mwongozo kamili kwa wanaoandikia wageni, waajiri na skuli

Kila wiki naletewa karatasi za Kiingereza nizipitie. Nyingi ni majibu kwa wageni kutoka nyumba za kulala wageni za Paje na Nungwi, hapa Unguja, baadhi ni ripoti za skuli, na chache ni barua za kumwombea kijana kazi. Sarufi yenu kwa jumla si mbaya. Mnakwama pahala pamoja tu, na wote mnakwama hapo hapo: kitu si kibaya, wala si cha kujivunia, kinatosha.

Basi mmoja ataandika "very very nice", mgeni aje akute kitanda, feni na ndoo. Mwengine ataandika "enough good". Wa tatu atafungua kamusi, atachukua neno la kwanza aliloliona, adhani amesifu kumbe ameponda. Kosa hili nimelisahihisha kwa kalamu mpaka mkono umechoka, ndiyo maana leo naliandikia mwongozo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi yako mwenyewe, hata kama ni ujumbe wa mistari mitano uliomtumia mgeni jana. Usijifunzie kwa sentensi za kitabuni, hazitakuuma.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile ya wanafunzi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa "vya kutosha" kwa maneno matatu tofauti na "kiasi" kwa mengine matano, na utabaki ulipo.
- Kalamu ya rangi. Kila penye "very", "nice" na "good" pigia mstari. Hapo ndipo tutakapofanya kazi.
- Mtu wa kumsomea kwa sauti. Si lazima ajue Kiingereza kuliko wewe, awe na masikio tu.

Saa moja inatosha kwa mara ya kwanza. Zima simu, isipokuwa kamusi yako iwe humo.

## Hatua ya 1: Liseme kwanza kwa Kiswahili, tena kwa ukweli

Chukua sentensi moja uliyoipigia mstari. Sahau mgeni. Jiulize: jirani angeniuliza barazani, ningemjibuje?

Tuseme uliandika "The Wi-Fi is good". Jirani angepata jibu jengine: "Ukikaa ukumbini inashika, chumbani hupati kitu." Hiyo ndiyo sentensi yako. Ile ya Kiingereza ilikuwa pambo.

Sababu ya hatua hii ni kwamba Kiswahili kina ngazi zake, na kila ngazi ina maneno yake ya Kiingereza. "Si haba" inaegemea kwenye sifa. "Hivi hivi" inaegemea kwenye lawama. "Kinafaa kwa kazi hiyo" haisifu wala hailaumu, inapima. Ukichanganya ngazi, hata ukipata herufi zote sawa, umemwambia mtu jambo jengine.

Tahadhari na "si haba" yenyewe. Mzee mwenye duka Darajani ukimuuliza biashara, atakwambia "si haba, alhamdulillahi", na huenda duka limejaa mpaka mlangoni. Ndani ya neno lile mna shukurani, na mna kuogopa husuda vilevile. Ukimtafsiria "Business is adequate", Mwingereza atamwonea huruma. Tafsiri maana aliyoikusudia, neno mwachie mwenyewe.

Utajua umefanikiwa ukiwa na sentensi moja ya Kiswahili ambayo jirani hawezi kuicheka.

## Hatua ya 2: Jibu swali "kwa lipi?"

Ukiruka hatua nyengine zote, hii usiiruke.

Maneno ya Kiingereza ya kutosha hayasimami peke yake. Yanataka kigingi cha kufungiwa. Ukiandika "The beach is adequate", msomaji anabaki anauliza: inatosha kwa lipi? Kuogelea? Kutembea? Watoto? Na kwa vile hukumwambia, atajaza mwenyewe, na atajaza lile analolitaka yeye.

Haya nimeyaona kwa macho. Mgeni aliandika kuuliza kuhusu Paje: "Is the water deep enough to swim?" Kijana wa mapokezi, kwa moyo mweupe kabisa, akajibu: "Yes, very deep." Mgeni akafika siku za bamvua. Saa nne asubuhi akashuka pwani na taulo begani, akakuta bahari imekupwa, maji yamekwenda zake kule kwenye mwamba, mbele yake mchanga mtupu na kina mama wa mwani wameinama kwenye vigingi vyao. Kijana hakusema uongo, maana jioni maji yangejaa. Ila hakusema lini wala kwa lipi.

Jibu lililofaa lilikuwa hili:

"At high tide the lagoon is deep enough to swim in. At low tide you can walk most of the way to the reef."

Maji yakijaa, kina kinatosha kuogelea. Yakikupwa, unaweza kutembea karibu mpaka kwenye mwamba. Mgeni huyo angepanga siku yake, na labda kule kutembea ndiko kungemfurahisha zaidi. Aliye Kendwa ana kazi nyepesi, kwa sababu kule mtu huogelea karibu wakati wote, maji yakijaa na yakikupwa. Lakini naye aseme: "deep enough for swimming at almost any tide".

Vigingi ni viwili vya kawaida. Kimoja ni "to" na kitenzi: "strong enough to carry ten people". Cha pili ni "for" na jina: "shallow enough for small children". Ukiweza kukiongeza kimojawapo bila ya kubuni kitu, kiongeze. Ukishindwa, basi hukijui unachokisifu, rudi ukakitazame.

## Hatua ya 3: Chagua ukoo wa neno

Maneno haya nayagawa koo tatu. Mgawanyo ni wangu, hutaukuta kitabuni, lakini umewasaidia wengi.

### Ukoo wa kupima: "enough", "sufficiently", "adequately"

Hapa kuna mstari, na kitu kimeufikia. Kama kibaba cha mchele kilichojaa na kufutwa juu kwa kiganja: hakijapungua, wala hakikufurika.

"Enough" ni la kila siku na kila mahali. Ukiwa na shaka, tumia hili.

"Sufficiently" ni ndugu yake aliyevaa kanzu na koti. Linafaa ripoti na barua rasmi: "The patient is sufficiently recovered to travel." Ukilitumia kumwelezea mgeni chai, utachekesha.

"Adequately" linapenda kukaa mbele ya jambo lililotendwa na mtu: "adequately trained", "adequately equipped", "adequately lit". Wafanyakazi wamefundishwa, boti imewekewa vifaa, ukumbi umetiwa taa. Kipimo changu ni kuuliza: kuna aliyefanya? Kama yupo, "adequately" litaingia. Kama hayupo, utaandika kama yule aliyeniletea "an adequately beautiful sunset". Jua la Forodhani likizama hakuna aliyelitengeneza kwa kiwango.

### Ukoo wa katikati: "fairly", "reasonably", "moderately", "pretty", "rather"

Hapa hakuna mstari, kuna mahali tu kwenye ngazi, baina ya chini na juu.

"Fairly" linakaa na sifa nzuri au zisizo na upande: "fairly quiet", "fairly large". Ila lina sura mbili. Likitangulia kivumishi, ni "kiasi". Likija baada ya kitenzi cha kumtendea mtu, ni "kwa haki". "The crew were paid fairly" maana yake mabaharia walilipwa haki yao, wala si kwamba malipo yalikuwa ya wastani.

"Reasonably" nalipenda kuliko yote. Ndani yake mna akili: mtu mwenye busara hatalalamika. "Our rooms are reasonably priced" inamaliza kazi ambayo wengi huifanya kwa kuandika "very cheap", na "cheap" kwa Kiingereza hubeba harufu ya ubovu.

"Moderately" ni la vipimo, kama upepo, mteremko, mazoezi au mafanikio. Manahodha wataelewa haraka, kwa kuwa kwenye kipimo cha Beaufort upepo wa daraja la 4, fundo 11 hadi 16, huitwa "moderate breeze", na kielezi hichi ni mtoto wa neno hilo hilo. "A moderately strong current" ni mkondo wa kuuheshimu.

"Pretty" ni la mdomoni na WhatsApp. Barua ya kazi usilitie.

"Rather" linahitaji uangalifu, kwa sababu mara nyingi huelekea upande wa ubaya: "rather salty", "rather rough", "rather small". Likikaa na sifa nzuri huonyesha kwamba msemaji hakutarajia: "The urojo was rather good" ni mtu aliyekuwa na wasiwasi na bakuli lile. Tena lina uwezo ambao "fairly" halina, linakubali kulinganisha na kuzidi: "rather better", "rather too hot". Ukiandika "fairly too hot" umekosea, hakuna njia ya kuitengeneza.

Mabaki ya ukoo huu ni "quite", lakini hilo nimelipa hatua yake peke yake, utaona kwa nini.

### Ukoo wa kukubalika: "satisfactorily", "acceptably", "tolerably", "passably", "decently"

Huu nitaupita mbio. "Satisfactorily" ni la kazi iliyokwisha na kukaguliwa: "The repairs were completed satisfactorily." "Acceptably" hulihitaji mara nyingi. "Tolerably" na "passably" yana uzee na kidharau ndani yake, kwa hiyo yaweke ya kujisemea wewe mwenyewe. Kijana wa Kiwengwa anayezungumza Kitaliano cha pwani anaweza kusema kwa unyenyekevu, "I speak Italian tolerably well." Akimsemea mwenzake hivyo, amemtukana kwa adabu.

"Decently" ndilo la kuliangalia hapa kwetu. Likikaa na mavazi ni stara: "Please dress decently" ni kumwomba mgeni ajifunike anapopita mitaani. Likikaa na kazi au malipo ni "vizuri kiasi": "decently paid", "decently built". Kwa hiyo ukiandika "Our guides dress decently" ukikusudia kwamba wanavaa nadhifu, msomaji ataelewa kwamba wamesitiri miili. Si vibaya, lakini sivyo ulivyotaka.

Hatua hii imekwisha ukiweza kusema, kwa kila sentensi yako, neno lako ni la ukoo gani na kwa nini.

## Hatua ya 4: Liweke neno mahali pake

Kosa namba moja ni "enough", na lina mzaha wake. Kiswahili tunasema "boti kubwa ya kutosha": kubwa kwanza, kutosha baadaye. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "big enough". Tungelifuata ulimi wa mama tusingelikosea! Tunapotea kwa sababu tumeshazoea "very big", "too big", "so big", basi tunadhani na hili hutangulia.

Sivyo: "The boat is enough big for your group."

Ndivyo: "The boat is big enough for your group."

Kwenye majina ndipo ulimi wa mama unapotupoteza. Sisi tunasema "maji ya kutosha", wao hutanguliza: "enough water", "enough chairs", "enough time".

Shika hivi: sifa hutangulia "enough", jina huifuata.

Kuna na kale kaherufi "a", kanakosumbua kuliko ukubwa wake. Tazama jinsi kanavyohama:

"a fairly big boat"

"quite a big boat"

"a big enough boat"

"Rather" halina ubishi, hukubali "a rather big boat" na "rather a big boat". Sina sababu nzuri ya kukupa kuhusu kuhama huku. Yaandike yale matatu kwenye kipande cha karatasi, kibandike ukutani juu ya meza ya mapokezi, na baada ya wiki moja mkono utakwenda wenyewe.

## Hatua ya 5: "Quite", neno la nyuso tatu

Nimeona meneja mmoja akichapisha maoni ya mgeni kwa fahari: "The room was quite clean." Alikuwa ameyatia fremu. Sikuwa na moyo wa kumwambia papo hapo.

Uso wa kwanza. Mwingereza akisema "quite clean", kwa kawaida anasema "safi kiasi". Hajaridhika sana. Mkazo wa sauti ukiangukia "quite" lenyewe, sifa inapungua zaidi: ni safi, lakini. Kwenye maandishi sauti haisikiki, basi msomaji hukisia.

Uso wa pili. Mmarekani akisema "quite clean", mara nyingi anasema "safi hasa". Neno lile lile, herufi zile zile. Kabla hujafurahi au kununa, angalia mgeni ametoka wapi. Kwa fremu ya meneja wetu, London na Chicago ni majibu mawili tofauti.

Uso wa tatu. Likikaa na sifa isiyo na daraja, yaani ambayo ama ipo ama haipo, huwa "kabisa", na hapa wote wanakubaliana: "quite impossible", "quite full", "quite right", "quite different". Chombo kikiwa "quite full" usitafute nafasi, hakuna.

Na likikanushwa huwa "bado kidogo": "Your room is not quite ready." Hii ni sentensi yenye adabu na faida kubwa, ihifadhi. Inamwambia mgeni kwamba chumba kimekaribia, asikae akakasirika wala asipande ngazi.

Ushauri wangu: unapoandika, litumie kwa uso wa tatu na kwa "not quite" tu. Hizo nyuso mbili za mwanzo waachie wenyewe. Ukitaka "kiasi" andika "fairly" au "reasonably", ukitaka "sana" andika "very". Unapoyasoma ya wengine ndipo utahitaji kuzijua zote.

## Hatua ya 6: Kivumishi au kielezi?

"Chumba kiko vizuri." Tunaisema mara ishirini kwa siku. Ndiyo mama wa "The room is well", sentensi ambayo Mwingereza akiisoma anafikiri chumba kilikuwa kinaumwa na sasa kimepona.

"Vizuri" yetu hufanya kazi mbili, yao wameigawa. Baada ya "is", "looks", "seems", "tastes" na "feels" weka kivumishi: "The room is adequate", "The price seems reasonable". Baada ya kitenzi cha kazi weka kielezi: "The shower works well enough", "The team played reasonably well".

Namna ya kuvitengeneza ni "-ly" mwishoni, na vikwazo vichache. "Reasonable" hupoteza "e" na kuwa "reasonably". "Satisfactory" hubadilisha "y" kuwa "i": "satisfactorily". Isome polepole, ina silabi nyingi na wengi huimeza moja. "Good" huwa "well". Neno "goodly" lipo, lakini ni kivumishi cha zamani na maana yake nyengine, usilikaribie. "Fast" halibadiliki: "fast enough".

Jaribio: soma sentensi bila ya kielezi. Ikisimama, kielezi kiko mahali pake. "The shower works" inasimama. "The food is" haisimami, basi hapo palitaka kivumishi.

## Hatua ya 7: Sikiliza kwa sikio la anayesoma

Hii nimejifunza kwa gharama, tena si gharama yangu.

Mpwa wangu ni baharia, anapeleka wageni. Aliomba kazi kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini na akaniomba nimwandikie barua. Mimi, kwa kuogopa kupamba, nikaandika hivi:

"He is a fairly reliable boatman. He speaks English quite well and swims adequately."

Sarufi haina doa. Nilikuwa nimekusudia: ni wa kutegemewa, Kiingereza chake si haba, kuogelea anajua. Baada ya wiki mbili akaja nyumbani, akaamkia, akakaa kimya, mwisho akasema: "Mjomba, ile barua imenitilia kitumbua changu mchanga."

Alikuwa na haki. Mwajiri wa Kiingereza akisoma "fairly reliable" husikia "kuna siku haji". Na baharia anayeogelea "adequately", nani atampandia boti?

Kiingereza cha kazi kina desturi hii: sifa ya kutosha, ikimwendea mtu, husomwa kama upungufu uliofunikwa kitambaa. Tazama maneno yao rasmi. Wakaguzi wa skuli za Uingereza, Ofsted, walikuwa na daraja liitwalo "satisfactory". Mwaka 2012 wakaliondoa, wakaweka "requires improvement", yaani inahitaji kuboreshwa. Neno lenye maana ya "inaridhisha" lilikuwa limeshaacha kuridhisha. Kwenye IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni wa lugha, mwenye daraja la 5 huitwa "modest user". Usidhani wanasifu upole wake, wanasema uwezo wake una mipaka. Na kwenye matokeo yetu ya kidato cha nne, "satisfactory" ni D.

Kwa hiyo vielezi hivi vitumie kwa uhuru kwa vitu, kama vyumba, barabara, bei, bahari. Kwa watu, punguza. Weka jambo linaloonekana mahali pa kielezi. Barua ya pili niliiandika hivi:

"He has taken guests out from Kendwa for four years and has never missed a morning. His English is good enough to give the safety talk and to answer questions about it. He is a strong swimmer."

Angalia kwamba "enough" limebaki, lakini lina kigingi chake: kutoa maelezo ya usalama na kujibu maswali. Likifungwa hivyo halimshushi mtu, linamwonyesha kazini. Miaka minne na asubuhi zile ndizo zinazosema "reliable", wala neno lenyewe sikulihitaji. Na kuogelea nikaacha kukupima kwa kibaba, maana kijana anaogelea kama changu.

## Hatua ya 8: Soma kwa sauti na ukwangue

Msomee yule mtu uliyemtafuta mwanzo. Sikiliza mambo mawili tu.

La kwanza, vielezi viwili vikifuatana. "Fairly reasonably comfortable" ni kigugumizi, futa kimoja. Sentensi moja, kielezi kimoja cha aina hii. Aya nzima ikiwa na vitatu, msomaji ataona mwandishi anayekwepa.

La pili, pumzi yako. Penye neno ambalo hukuliamini utaona sauti inashuka. Rudi hatua ya 2 kwa neno hilo.

Umefanikiwa pale msikilizaji wako anapouliza swali la mbele, kama "maji yanajaa saa ngapi?", badala ya "una maana gani?"

## Jaribu mwenyewe

Funika majibu kwa kitambaa.

Waifai ya ukumbini inatosha kwa ujumbe, si kwa kupigiana video.
"The Wi-Fi in the lounge is fast enough for messages but not for video calls." Ukiandika hivi hakuna atakayekuja kugonga mlango usiku.

Tulipokwenda Misali bahari ilikuwa imechafuka kidogo.
"The sea was rather rough on the way to Misali." Ubaya kidogo, basi "rather". Wa Chake Chake, Pemba, wanaopeleka wageni kwenye kisiwa kile watalihitaji msimu wa kusi.

Ukumbi una mwanga wa kutosha kusomea.
"The hall is adequately lit for reading", au kwa wepesi, "There is enough light in the hall to read by." La kwanza mwandikie mkaguzi, la pili mgeni.

Wafanyakazi wetu wamefundishwa huduma ya kwanza vya kutosha.
"Our staff are adequately trained in first aid." Ni sahihi, na mimi nisingeituma. Hawa ni watu, na ni jambo la roho. Sema wangapi, na mafunzo waliyapata mwaka gani.

Mpishi bado kidogo.
"The cook is not quite ready." Waliosema "The cook is not enough ready" warudi hatua ya 4 na ya 5 pamoja.

Hali yako? Si haba.
Hili halitaki kielezi chochote. "Not bad, thanks." Kiingereza nacho hukanusha ubaya kama sisi tunavyokanusha uhaba, na tabasamu lake ni lile lile. Lakini liache mdomoni. Mpwa wangu, siku alipopata kazi, alinipigia kutoka Kendwa, nikamuuliza mshahara ukoje, akacheka, akanijibu kwa Kiingereza: "Not bad, mjomba." Nikamwambia asije akaliandika popote.